Stephen Cook alinyimwa ajira ya kudumu Berkeley. Tungempima kwa nukuu za leo, angepona?

Chaki_Nyeupe
Wakuu, salaam.

Kuna habari ya Stephen Cook imenikaa kooni. Huyu bwana alizaliwa Buffalo, New York, mwaka 1939, akachukua PhD Harvard mwaka 1966 chini ya Hao Wang, kisha akaajiriwa idara ya hisabati Berkeley. Mwaka 1970 wakamnyima ajira ya kudumu. Akafungasha, akaenda Toronto. Mei 1971, kwenye STOC, kongamano la nadharia ya kompyuta lililofanyika Shaker Heights, Ohio, akawasilisha makala ya kurasa nane. Hiyo ndiyo iliyozaa swali la P na NP. Mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote za sayansi ya kompyuta. Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay ilipoweka mezani dola milioni moja kwa atakayelijibu swali hilo, Cook ndiye aliyeandika maelezo yake rasmi.

Watu wengi husema Berkeley waliteleza kwa sababu enzi zile hapakuwa na vipimo. Mimi nasema kinyume: hivi vipimo vyetu vya leo, idadi ya makala kwa mwaka, idadi ya nukuu (yaani mara ngapi watafiti wengine wameitaja kazi yako), kipimo cha h kinachochanganya hivyo viwili, vingemtoa mapema zaidi. Mtu wa nadharia anaandika kidogo na ananukuliwa polepole. Na ndivyo tunavyopimana huku kwetu. Anayepinga aje na hoja.

Mpingo_Mweusi
Nakaa kona nisome. Ila kwa sisi tusio wa fani hiyo, hiyo P na NP ni mdudu gani? Kwa Kiswahili cha kawaida tafadhali.

DadaAlgoriti
@Mpingo_Mweusi chukua ratiba ya mitihani ya chuo. Una masomo mia mbili na vipindi thelathini. Sharti ni kwamba masomo mawili yenye mwanafunzi yuleyule yasiangukie kipindi kimoja. Nikikuletea ratiba iliyokamilika, kuikagua ni kazi nyepesi: unapitia masomo mawili mawili, kompyuta inamaliza kufumba na kufumbua. Lakini kuitunga ratiba hiyo kutoka sifuri ni shughuli nyingine kabisa. Hadi leo hakuna anayejua njia ambayo ni ya haraka kwa kila hali.

P ni maswali ambayo jibu lake linapatikana haraka. NP ni maswali ambayo jibu lake, likishaletwa, linakaguliwa haraka. Je, makundi haya mawili ni kitu kimoja? Hapo ndipo penye milioni ya dola.

Alichofanya Cook ni hiki. Alionyesha kwamba swali lolote la NP unaweza kuligeuza kuwa fomula ya mantiki. Kwa ratiba yetu, unaandika kauli kama "Uhasibu uko Jumatatu asubuhi", "Takwimu iko Jumatatu asubuhi", halafu unaziunganisha kwa *na*, *au*, *si*: SI (Uhasibu Jumatatu asubuhi NA Takwimu Jumatatu asubuhi). Unaendelea hivyo kwa kila mgongano. Linabaki swali moja: je, ipo namna ya kuzipa kauli hizi kweli au si kweli hadi fomula nzima iwe kweli? Ukiweza kujibu hilo haraka, umeyajibu maswali yote ya NP haraka. Yote, si ya ratiba peke yake.

Mpingo_Mweusi
Aisee. Sasa nimeelewa kwa nini ratiba yetu ilikuwa inagongana kila muhula.

Nahodha_wa_Kale
Ilikuwa inagongana kwa sababu mratibu alikuwa anaitunga usiku wa kuamkia mtihani. Msimsingizie Cook.

Mzee_wa_Marejeo
Mleta uzi, tuweke mambo sawa kabla hatujaenda mbali.

Mosi, si kweli kwamba enzi zile hapakuwa na vipimo. Eugene Garfield alianza kutoa Science Citation Index mwaka 1964, kwa hiyo mwaka 1970 kuhesabu nukuu kulikuwepo tayari, japo kwa vitabu vizito vya maktaba na si kwa kubofya. Kilichokuja baadaye ni kipimo cha h, alichokitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005.

Pili, na hili watu hulichanganya sana: Berkeley hawakuikataa makala ya 1971. Haikuwa imetoka. Walimpima mtu kabla hajaitoa kazi yake kubwa. Huwezi kulilaumu jopo kwa kutonusa kitu ambacho hakijaandikwa.

Chaki_Nyeupe
@Mzee_wa_Marejeo hilo la Garfield nalichukua. Hilo la pili nalikubali nusu. Tasnifu yake ya 1966 tayari ilikuwa na njia ya kuzidisha namba kubwa kwa haraka, ambayo leo tunaiita Toom–Cook. Iko hai hadi kesho: maktaba ya programu ya GMP inaitumia namba zinapokuwa ndefu. Hata Richard Karp, mtaalamu wa nadharia ya kompyuta wa Berkeley, kwenye maadhimisho ya miaka 30 ya idara ya uhandisi wa umeme na kompyuta ya Berkeley, alisema hadharani kwamba ni aibu yao ya kudumu kushindwa kuishawishi idara ya hisabati impe Cook ajira. Dalili zilikuwepo, na waliokuwa karibu waliziona.

Jabali_254
Salamu kutoka Eldoret. Hapo kwa Karp ndipo pana jibu, someni vizuri. Alisema idara ya *hisabati*. Shida haikuwa nukuu nyingi au chache, ilikuwa nani anakaa kwenye jopo. Wanahisabati wa wakati huo wengi hawakuiona nadharia ya ukokotoaji kama hisabati kamili. Mweke Cook kwenye idara ya kompyuta mwaka uleule, na faili lilelile, anapita. Toronto walimchukua kwa faili lilelile!

Hapa kwetu naona kitu hicho. Mtu wa mantiki anawekwa kwenye jopo la watu wa mitandao na simu, wanamuuliza mfumo wake uko wapi wauone.

BiZuhura_Mkunazini
Assalaam aleikum. Mimi nnaona kuna sababu ambayo hamjaitaja. Ukihesabu nukuu za Cook utapata pungufu kwa sababu watu hawamnukuu yeye, wananukuu kitabu. Garey na Johnson walitoa kitabu mwaka 1979 chenye orodha ndefu ya matatizo magumu, na tangu hapo mwandishi akitaka kusema tatizo lake ni gumu anawataja wao, basi. Wengine wanamtaja Karp na makala yake ya 1972 yenye matatizo 21, maana tatizo lao linafanana na moja katika yale. Cook anabaki nyuma ya pazia.

DadaAlgoriti
Nakazia, Bi Zuhura. Na kuna hatua ya tatu: siku hizi hawamtaji mtu yeyote. Wanaandika tu "tatizo hili ni NP-kamili", yaani ni gumu kama yale magumu kuliko yote ya NP, wanaendelea na safari. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona hili zamani, kwamba wazo likishamezwa na fani, jina la aliyelileta hudondoka. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Hakuna mlaji anayeitaja mpaka ikosekane.

Kwa hiyo nukuu zikipungua, inaweza kuwa wazo limekufa, au inaweza kuwa wazo limeshinda kabisa. Namba ni ileile. Hii ndiyo inayonitia hofu nikiona mtu anasoma namba bila kusoma makala.

Kijana_wa_Modeli
Wakuu, kwa heshima zote, mbona mnazunguka? Makala ya 2017 iliyoleta transfoma, ile inayoendesha roboti zote za maongezi mnazozitumia, imepita nukuu laki moja kwa miaka michache tu. Ya Cook ina zaidi ya nusu karne na haikaribii hapo. Soko limeongea. Nadharia ni fani ndogo, basi, hakuna dhuluma hapo.

Mzee_wa_Marejeo
@Kijana_wa_Modeli umesema kweli bila kukusudia. Fani ndogo ina wanukuu wachache. Anayeandika nadharia anasomwa na mamia. Anayeandika modeli anasomwa na malaki, na kila mmoja wao anaandika makala kadhaa kwa mwaka, kila moja ikiwa na marejeo mengi. Kwa hiyo namba unayoisoma ni ukubwa wa soko pamoja na ubora wa bidhaa, na hujui kila kimoja kimechangia kiasi gani. Kulinganisha nukuu za fani mbili bila kurekebisha ukubwa wake ni kosa ambalo hata wapenda vipimo wenyewe wanalikataza.

Halafu, kijana, ukitaka nadharia iliyoingia kwenye uwanja wako, msome Leslie Valiant. Mwaka 1984 alieleza kihisabati maana ya mashine *kujifunza* kutokana na mifano. Tuzo ya Turing ya 2010.

Kijana_wa_Modeli
Valiant namkubali. Ila nukuu laki moja ni nukuu laki moja.

Tumbili_wa_Soko
Wanasema Cook ndiye aliyetunga majina yote haya, P, NP, NP-kamili. Mtu ametunga lugha ya fani nzima, mnamhesabia nukuu za nini?

DadaAlgoriti
Hapana @Tumbili_wa_Soko. Makala ya 1971 haina jina NP. Karp ndiye aliyelileta mwaka 1972. "NP-kamili" lilipitishwa baada ya mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth kuendesha kura ya maoni miongoni mwa watafiti, akatangaza matokeo mwanzoni mwa 1974. Cook ametajwa kwenye jina lingine: kuna kundi la matatizo linaitwa SC, "kundi la Steve", kwa heshima yake. Na yeye mwenyewe ndiye aliyelipa kundi lingine jina la NC, "kundi la Nick", kumuenzi mtafiti Nick Pippenger.

Fundi_Saa
Hakuna aliyemtaja Leonid Levin, na hapo ndipo penye kesi nzito kuliko ya Cook.

Levin alikuwa Moscow, mwanafunzi wa mwanahisabati mashuhuri Kolmogorov. Alifikia jambo lilelile bila kujua ya Cook, akalichapisha mwaka 1973 kwa Kirusi. Kurasa mbili! Huko Urusi hawakumpa shahada yake kwa sababu za kisiasa, akahamia Marekani mwaka 1978, akapata PhD MIT mwaka 1979, akaishia Chuo Kikuu cha Boston. Leo vitabu vingi vinasema nadharia ya Cook na Levin. Lakini miaka ya mwanzo, huku Magharibi aliyetajwa ni Cook peke yake. Nukuu zinafuata lugha na zinafuata ramani. Kama kazi ya Moscow iliweza kufichwa na Kirusi, ya Morogoro je?

Na Levin hakuacha tabia yake. Makala yake ya 1986 kuhusu ugumu wa wastani (si wa hali mbaya kabisa), iliyofungua tawi zima la utafiti, nayo ni kurasa mbili.

Nahodha_wa_Kale
Kurasa mbili? Kwetu hata barua ya kuomba likizo inazidi hapo.

Jabali_254
@Fundi_Saa hapo umegusa. Sasa wekeni Levin kwenye kipimo cha h. Maana yake, kwa asiyejua: ukiwa na h ya 20, una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Basi mwenye makala tano tu, hata zinukuliwe mara milioni, h yake haipiti 5. Kipimo hiki kimejengwa kumzawadia anayeandika mara kwa mara. Hakikujengwa kwa mtu wa kurasa mbili.

Mama_Kamati
Nimewasoma kimya, sasa niseme, na najua sitapendwa.

Nimekaa kwenye majopo ya kupandisha vyeo. Kabla ya alama na namba, kulikuwa na nini? Kulikuwa na "huyu tunamfahamu". Kwenye chuo kimoja niliwahi kuona faili la dada mmoja, machapisho yake yote ya maana, likilala kabatini huku rafiki wa mkuu wa idara akipita na makala ambayo hakuna aliyeiona. Namba zilipokuja, yule dada alipanda. Alifungua kompyuta mbele ya jopo, akaonyesha nani amemnukuu na wapi, na hapakuwa na wa kubisha.

Nyinyi mnamtetea Cook. Kwa kila Cook mmoja kuna wengi wasioandika chochote kwa sababu tu hawana cha kuandika, na wote wanajificha nyuma ya maneno "mimi ni mtu wa nadharia, nafikiri polepole". Jopo litawatofautishaje? Niambieni kipimo mbadala ambacho kiko salama dhidi ya kujuana, nitakipokea kwa mikono miwili.

Chaki_Nyeupe
Mama Kamati, shikamoo. Hoja yako ni nzito na naiheshimu. Kwa kuanzia: someni makala. Watu watatu wa fani hiyohiyo, kutoka nje ya nchi, wasome makala tatu bora za mwombaji na waandike kurasa chache.

Mama_Kamati
Marahaba. Na hao watatu atawachagua nani?

Fundi_Saa
Hapo pagumu kweli.

Mpenda_Haki_TZ
Mama Kamati ana hoja, lakini namba nazo zinachezewa. Kuna waandishi wananukuliana kwa zamu, leo mimi kesho wewe. Kuna majarida unalipia, wiki inayofuata umechapishwa. Yule aliyekuwa anajuana na mkuu wa idara sasa anajuana na mhariri. Azimio la San Francisco, DORA, linalotokana na mkutano wa 2012, limeomba wazi kwamba watafiti wasipimwe kwa umaarufu wa jarida, bali kwa kazi yenyewe.

BiZuhura_Mkunazini
Hata majina yetu yanatupunguzia. Mimi jina langu limechapishwa kwa namna tatu tofauti, mara la babu limekuwa la ukoo, mara limefupishwa kwa herufi. Mashine inanihesabu watu watatu, kila mmoja na nukuu zake chache. Cook naye ana tatizo la kinyume, maana akina S. Cook wapo tele, wa udaktari na wa kilimo. Wenye wanafunzi wanaotafuta kazi, wahimizeni wachague tahajia moja ya jina tangu makala ya kwanza.

Otea_Mwandishi
Mpangilio wa waandishi je? Kwenye nadharia majina yanapangwa kwa alfabeti. Kwenye fomu za ofisi nyingi huku, mwandishi wa kwanza ndiye anayebeba alama nyingi. Kwa hiyo mwenye jina la A anapanda cheo, mwenye Z anaonekana msaidizi maisha yake yote.

Mfano mzuri ni wa chuo cha IIT Kanpur, India. Mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena walionyesha njia ya haraka na ya uhakika ya kujua kama namba ni tasa. Kayal na Saxena walikuwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza. Kwa bahati alfabeti ilimweka profesa mbele, kwa hiyo mgeni wa fani anaweza kudhani vijana walibeba mkoba tu. Ilitoka kwenye jarida la Annals of Mathematics mwaka 2004, ikapata Tuzo ya Gödel, ya nadharia ya kompyuta, mwaka 2006.

Nahodha_wa_Kale
Akina Zuberi na Zainabu hawana chao kwenye fani hii.

Mzee_wa_Marejeo
Wapo walioivunja alfabeti kwa hiari. RSA, ile mbinu ya kuficha ujumbe kwa siri, ni Rivest, Shamir, Adleman. Alfabeti ingemweka Adleman mbele. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba awekwe mwisho, akiona mchango wake haukutosha.

Na nyongeza moja kuhusu makongamano. Nadharia ya kompyuta hutoka kwanza kwenye STOC na FOCS, jarida baadaye, au lisije kabisa. Ile makala ya Cook ya 1971 ni ya kongamano. Ofisi inayosema "kongamano halihesabiwi" imeifuta moja ya makala muhimu zaidi katika nadharia ya ugumu wa ukokotoaji. Kenya mwongozo wa 2014 wa tume ya vyuo vikuu ulihesabu alama za machapisho. Wa huko mnaofahamu, kongamano lina uzito gani?

Jabali_254
Ukiuliza majopo matatu utapata majibu matatu, ndugu yangu.

Kijana_wa_Modeli
Kwa hiyo Goldwasser na wenzake je? Nilisikia nao walikataliwa.

DadaAlgoriti
Ndiyo. Goldwasser, Micali na Rackoff walikuwa na makala ya uthibitisho usiofichua siri: unamhakikishia mtu kwamba unajua jibu bila kumwambia jibu lenyewe. Ilikataliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupita STOC mwaka 1985. Goldwasser na Micali wakapata Tuzo ya Turing ya 2012. Na waliokataa hawakuwa wanahisabati wa idara nyingine, walikuwa watu wa fani yenyewe. Hii inaitikisa hoja ya @Jabali_254 kwamba tatizo ni jopo la wageni.

Jabali_254
Inaitikisa kidogo. Makala kukataliwa unaituma tena mwaka unaofuata. Mtu akinyimwa ajira anahama nchi.

Mtu_wa_Matanga
Mmesahau kwamba Cook ni mpenda matanga na mpiga fidla. Mtu wa namna hiyo angepewa Lamu na ngalawa, P na NP ingekuwa imeisha.

BiZuhura_Mkunazini
Angepewa Unguja. Lamu mngemchosha kwa mashindano.

Mtu_wa_Matanga
Bi Zuhura usituanzie.

Uzamili_2
Samahani wakubwa kuingilia. Nasoma uzamili, napenda nadharia lakini msimamizi anasema nisipoonyesha mfumo unaofanya kazi sitapata pa kuchapisha. Hii ratiba ya mitihani aliyoeleza Dada inaweza kuwa kazi ya uzamili au ni ya zamani mno?

DadaAlgoriti
Inaweza kabisa. Ugumu wake kwa ujumla unajulikana: ratiba ni sawa na kupaka grafu rangi (vitu vinavyogongana visipate rangi moja), na hilo limo kwenye yale matatizo 21 ya Karp. Lakini kuna programu za kutafuta majibu ya fomula kama zile za Cook, zinatumika hata kukagua saketi za chipu, na zina nguvu ya kushangaza kwa mifano halisi. Chukua ratiba ya chuo chako, igeuze fomula, uone inatatuliwa kwa muda gani. Halafu uliza: kwa nini hii ilikuwa rahisi wakati nadharia inasema hali mbaya kabisa ni ngumu? Hapo una mfumo wa kumridhisha msimamizi na una swali la nadharia la kwako.

Mama_Kamati
Na uandike jina lako kwa tahajia moja, umemsikia Bi Zuhura.

Uzamili_2
Nashukuru sana. Usajili wa masomo ninaweza kuupata ofisi ya taaluma, nikupe uone ukubwa wake?

DadaAlgoriti
Nitumie faragha. Futa majina na namba za usajili kwanza, acha misimbo ya masomo tu.